Wiki ya shida: shukrani ya kujilazimisha ni shukrani kweli?

Mama_wa_Nyamugo
Jambo yenu wote. Niko na swali, na ninauliza kwa roho safi, hapana kutafuta mabishano.

Hii wiki imenipiga. Jumatatu mvua ilikata njia ya ngazi chini ya nyumba yetu hapa Nyamugo, Kadutu, mji wa Bukavu, udongo ukateremuka paka ukaziba mulango wa jikoni. Jumanne na Jumatano mayi hakuna kwa robine, nikashuka na bidoni ya lita 20 nikapanda nayo mara mbili mbele ya kwenda kufundisha, na mwenye anajua ngazi za Kadutu anajua vile bidoni inazidi uzito ukifika katikati. Alhamisi mutoto wangu wa pili akaamuka na homa, testi ikasema malaria. Nikatoa noti ya dola 20 yenye nilifichaka ju ya siku kama ile, kwa famasi wakaigeuza-geuza kwa mwangaza wakanirudishia, eti imepasuka kwa kona.

Sasa kwa kanisa wametuambia kila usiku mutu aandike vitu vitatu vya kushukuria. Jumatatu niliandika vizuri. Jumanne nikaandika "niko muzima". Jumatano tena "niko muzima". Alhamisi nikakamata kalamu, mutoto anatetemeka pembeni yangu, nikaandika tena "niko muzima", nikasikia kama ninamudanganya Mungu kwa maandishi. Nikafunga kitabu na sijakifungua tena.

Shukrani ya kujilazimisha ni shukrani? Ao ni bora mutu anyamaze paka ije yenyewe? Na nyinyi, kwa wiki ya namna ile, munaipata wapi?

Tantine_Essence
Pole sana mama. Mbele ya yote, mutoto anaendelea aje?
Na ile noti usiitupe, kuko wenye wananunuaka noti zilizopasuka, watakukata kidogo lakini utapata kitu.

Mama_wa_Nyamugo
Homa imeshuka tangu jana mangaribi, amekula uji nusu kikombe. Aksanti yaya.

Etidia_wa_Saiko
Mama jambo. Hii kitu tumeisoma darasani. Kuko maprofesa wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, 2003 walitoa utafiti. Waligawa watu kwa makundi matatu, moja linaandika vitu paka vitano vya kushukuria, la pili linaandika makero, la tatu linaandika tu mambo yaliyotokea. Mara moja kwa wiki, wiki 10. Wale wa shukrani wakaona maisha yao vizuri kuliko wale wa makero, na ata mazoezi ya mwili walifanya mingi zaidi. Kisha Sonja Lyubomirsky na wenzake wakajaribu kwa wiki sita, kundi moja mara moja kwa wiki na lingine mara tatu kwa wiki, na wenye walisikia mabadiliko ni wale wa mara moja. Wanafikiri ukiandika mara mingi inageuka kama kazi ya nyumbani, moyo unazoea.

Kwa hiyo mimi nadhani haudanganye Mungu mama, umechoka tu na zoezi. Andika siku ya Yenga, Jumapili, peke yake.

Kijana_wa_Bagira
Wale walikuwa watu gani? Ni wanafunzi wa chuo kikuu Marekani, mayi iko kwa robine saa 24, akishukuru anashukuru ju jua limetoka. Ulete ule mutu Bagira apande na bidoni kiisha tuone ataandika nini.

Etidia_wa_Saiko
Kaka uko na haki nusu. Utafiti wa kwanza na wa pili ni wanafunzi kweli. Lakini kwa karatasi ile ile kuko wa tatu, na huo ulikuwa na watu wazima wenye magonjwa ya misuli na mishipa ya fahamu, yenye haiponi kirahisi. Wale waliandika kila siku, siku 21. Na wao pia walisikia nafuu, ata usingizi wao ulikuwa muzuri zaidi.

Kijana_wa_Bagira
Kila siku?? Si umesema kila siku ni mbaya?

Etidia_wa_Saiko
Ndiyo, hapo njo nimekwama. Nitauliza profesa.

Papa_Wokovu
Bwana asifiwe. Bandugu, jibu liko tayari, hakuna haja ya kwenda Marekani. 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo". Kila jambo, hapana jambo zuri tu. Mama, ile kalamu uliishika kwa utii, na utii ni sadaka ata kama moyo umekauka. Mimi nilimuzika mutoto 2016 na nilisimama kanisani nikasema aksanti Bwana kwa midomo tu, moyo ulikuwa kama jiwe la volkano ya Nyiragongo. Moyo ulikuja nyuma, miezi tisa kisha. Kama ningengoja moyo utangulie, paka leo singekuwa nimerudi kanisani.

Tantine_Essence
Papa pole. Hatukujua.

Kijana_wa_Bagira
Pole papa, na hii nasema na heshima yote. Lakini ukisema kwa kila jambo, basi mama ashukuru ju ya malaria? Ashukuru ju ya udongo ulioziba mulango? Ule udongo unaporomoka ju miti ilikatwa na nyumba zimejengwa juu ya nyumba na mifereji hakuna. Kama tunashukuru ju yake, nani atachimba mufereji? Mimi nimeona hapa kwetu mutu mwenye anashukuru sana njo mwenye hawamulipe. Mwalimu anafundisha, benki zilifunga mwezi wa pili 2025, mushahara unapita kwa telefone, akienda kutoa wanakata, na bado anaambiwa shukuru, kuko wenye hawana kazi. Shukrani ikitumiwa kama kitambaa cha kumufunga mutu mudomo, siitaki.

mutoto_wa_Kasongo
Salam kwenu. Nyumbani tumekomalia na Kurani, sura Ibrahim 14:7, mukishukuru nitawazidishia. Lakini baba alikuwa anaongeza hadithi moja ya Mtume, mwenye hashukuru watu hashukuru Mungu. Donki kwa baba yangu, kama umeomba na umeshukuru Mungu usiku, lakini ule mwenye alikubebea muzigo muchana haukumwambia neno, bado uko na deni. Naona sisi wote hapa tunazungumuza juu ya Mungu na juu ya vitabu, na watu hatujawagusa.

mwanakwaya_Cimpunda
Papa Wokovu nisamehe kidogo. Kwa Kigiriki pale ni "en panti", yaani ndani ya kila jambo, katika kila jambo. Paulo hasemi ushukuru ju ya malaria. Anasema ata ukiwa ndani ya malaria, shukrani isikose njia. Nilifundishwa hivyo kwenye mafunzo ya wanakwaya na ilinitoa muzigo mukubwa.

Papa_Wokovu
Nimeangalia Segond, Biblia ya Kifaransa, kweli anasema "en toutes choses". Aksanti mwana wangu. Lakini bado nasema utii unatangulia.

Infirmie_wa_usiku
Mimi nachelewa kujibu ju nilikuwa kazini. Mama, ulikuwa unaandika saa ngapi?

Mama_wa_Nyamugo
Saa tano, saa sita ya usiku. Nikishamaliza kusahihisha vitabu vya batoto.

Infirmie_wa_usiku
Basi mimi sioni dhambi wala saikolojia, naona usingizi na njaa. Niko miaka kumi na moya ya zamu za usiku. Kuanzia saa nane paka saa kumi ya usiku hakuna kitu kinaonekana kizuri, ata mugonjwa mwenye anapona anakwambia atakufa, ata mimi nakumbuka madeni yangu yote moja moja. Kiisha saa kumi na mbili jua linatoka upande wa Ruzizi, mutu anakuletea chai na mukate, na ule ule mugonjwa anauliza kama anaweza kuoga. Hakuna kilichogeuka, ni mwili tu. Usimuulize moyo maswali makubwa saa sita ya usiku baada ya kupanda ngazi mara nne. Lala. Andika asubui ukishakunywa kitu cha moto.

Tantine_Essence
Hii njo jibu langu 👏🏾

Goma_Ndosho
Jambo kutoka Goma. Niko na kitu ya kusema juu ya ile neno la Kijana wa Bagira, "kuko wenye hawana". Mimi ile neno iliniumizaka.

2021, tarehe 22 mwezi wa tano, Jumamosi mangaribi, volkano ilitoka. Alhamisi ya tarehe 27 wakatangaza tuhame, kartie 10 kwa 18 za Goma. Mama yangu, batoto watatu, mimi, godoro moja. Tulipata bato, meli ya ziwa, kwa nguvu ya Mungu, tukafika Bukavu tumelowana. Jamaa moja ya Nguba yenye haikutujua, walikuwa wajuana na shemeji tu, ikatupokea, tukalala watu 14 kwa chumba ya kupokelea wageni. Sasa kila mutu mwenye alipita kusalimia anasema "mushukuru, ya 2002 ilikuwa mubaya kuliko". Kila siku. Mama yangu alikuwa anaitikia, ndiyo tunashukuru, kiisha anageukia ukuta.

Ni mama mwenye nyumba peke yake mwenye hakusemaka vile. Yeye alikuwa anauliza "leo munakula nini kwenu siku ya Yenga?" na anapika ile. Tulirudi Goma, mama yangu paka leo anamutumia viazi kila mavuno. Donki kwangu shukrani kwa kujipima na mwenye ameanguka zaidi, hapana, hiyo inakula mutu. Unakuwa unafurahi ju mwenzako ameumia.

motari_nyawera
Lakini gran si 2021 lava ilipita katikati ya mji paka kwa uwanja wa ndege? Ni sawa tu na 2002.

Goma_Ndosho
Hapana peti. Ile ya katikati ya mji ni 2002, tarehe 17 mwezi wa kwanza, ilichoma soko na butiki ikafunika kipande ya uwanja wa ndege na ikaingia ziwani. Ile ya 2021 ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege lakini haikuingia. Nyumba za Buhene njo zilikwisha.

motari_nyawera
Aksanti kwa kunirekebisha, nilikuwa nachanganya.

Infirmie_wa_usiku
Mimi nabisha kidogo kwa kujipima. Kwa wodi nimeona mama mwenye mutoto anapumua kwa shida anaangalia kitanda cha pembeni, na kile kinamupa nguvu. Hafurahi ju mwenzake ameumia. Anaona tu kama kuna ngazi bado chini yake, hajafika mwisho. Na mara mingi yeye njo anaamuka kumusaidia ule wa pembeni.

Goma_Ndosho
Hapo sawa, ikiwa anajiambia mwenyewe. Lakini mutu mwingine asimwambie.

Lushois_Katuba
Bukavu na Goma munaamuka? Hapa Lubumbashi joto ya mwezi wa kumi ilishatumaliza, tunangoja mvua, nyinyi munailia. Mama, mupatie mutoto bukari na lenga-lenga atasimama.

Tantine_Essence
Ni BUGALI.

Lushois_Katuba
Bukari bwana. Sisi njo tunajua kusonga.

Mwana_Idjwi
Bugali ao bukari, bila sambaza ni bure. Sambaza ni zawadi Mungu aliweka kwa ziwa Kivu tangu kuumbwa.

Etidia_wa_Saiko
Samahani kaka, sambaza si wa Kivu tangu zamani. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, wakaachiliwa hapa. Mbele ya hapo Kivu haikuwa na samaki ya namna ile ya katikati ya mayi.

Mwana_Idjwi
Sikujua, na mimi baba yangu na koko wangu, babu, ni bavuvi. Basi nao ni wageni waliopokelewa vizuri.

Lakini Etidia umenikumbusha kitu, na inajibu mama kabisa. Sambaza wanavuliwa usiku na taa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja na miti mirefu, wavu unashuka katikati. Sasa usiku ule mwezi umekuwa mukubwa, taa haina kazi, samaki hawakusanyiki. Kila mwezi kuko wiki yenye hakuna kitu. Tulikuwa tunaiita tu wiki ya mwezi. Mama anaanza kukopa chumvi siku ya pili, sabuni siku ya tatu, siku ya nne tunakula mihogo na mayi ya pilipili. Ni wiki ya shida na inajulikana, iko kwa kalenda, haipite mwezi bila kurudi.

Na ni wiki ile peke yake baba alikuwa nyumbani usiku. Wiki zingine anatoka mangaribi tukiwa tunacheza, anarudi asubui tukienda masomo, analala. Wiki ya mwezi anashona wavu nje, mwangaza uko mweupe kama muchana, na anatuonyesha fundo moja moja, anatuuliza tunasoma nini, ananyoa mudogo wangu nywele. Kila kitu ninakijua kuhusu baba nilikijua kwa njaa. Alipokufa, sisi watoto sita tulikaa tukahesabu vyenye tunakumbuka, na karibu vyote ni vya wiki ya mwezi.

Lakini mama yangu ukimuuliza leo anasema ile wiki alikuwa anaichukia paka kwenye mifupa. Na sitamuambia ashukuru ju ya ile chumvi ya kukopa.

Infirmie_wa_usiku
Nimesoma hii mara mbili nikiwa kwa zamu.

Papa_Wokovu
Mwana Idjwi, Mungu akubariki.

Kijana_wa_Bagira
Hii nakubali, na ninashukuru umemuweka mama pale mwisho.

motari_nyawera
Mimi sina utafiti wala Kigiriki, niko na moja tu. Miaka sita niko kwa moto, pikipiki ya kubeba watu. Watu wanapanda, wanalipa, wanashuka, ata jina hawaulizi, na haiko vibaya, ni kazi. Mwaka ule nilibeba mama mwenye uchungu kutoka Cimpunda usiku na mvua, taratibu, taratibu, ju njia ilikuwa tope tupu. Nilimushusha kwa maternite nikaondoka, ata pesa sikungoja. Miezi minne kiisha niko Nyawera nangoja kliyan, naona mama na mutoto mugongoni anapita kwa motari mumoja mumoja anauliza "ni nani alinibeba usiku wa mvua kubwa?" Bamotari wengine wanamucheka. Alikuja siku tatu. Siku ya tatu njo alinifikia. Hakuniletea kitu, alishusha tu mutoto akaniwekea mikononi akasema "muangalie".

Ile wiki nilikuwa nimeibiwa pneu na niko na deni kwa mwenye moto. Mimi sikuwa natafuta cha kushukuria, mimi njo nilishukuriwa. Na ilinibeba karibu mwaka muzima. Naona tunauliza tu mwenye kushukuru anapata nini. Mwenye anashukuriwa je?

mutoto_wa_Kasongo
Ndiyo! Njo hii nilikuwa nasema, baba yangu angekukumbatia.

Na angalieni maneno yenyewe. "Aksanti" yetu inatoka kwa Kiarabu, ahsanta, maana yake "umefanya vizuri". Haisemi "nimesikia vizuri". Inamuangalia ule mwenye amefanya.

Tantine_Essence
Kuko wenye wanatuchekaka eti tunasema "aksanti" badala ya "asante".

mutoto_wa_Kasongo
Wacha wacheke, asili ni moja, na kule mwanzo kuko sauti kati ya a na s yenye wengi wamemeza. Sisi bado tunaishika kwa namna yetu.

Goma_Ndosho
Na Kinyarwanda "murakoze", gukora ni kufanya kazi. Mumefanya kazi. Ni sawa sawa.

Kijana_wa_Bagira
Kwa lugha ya Mashi tunasema "koko". Wa Butembo wanasema "wasingya".

Lushois_Katuba
Hapa Lubumbashi utasikia "natotela" kwa Babemba, na majirani yangu wa Kasai "tuasakidila". Kambo yangu alikuwa anasema natotela na anapiga mikono polepole, amepiga magoti kidogo, ata ni mutoto amemuletea mayi ya kunawa. Neno peke yake hakulitumia, lazima mikono.

Mama_wa_Nyamugo
Bandugu nimesoma yote, nimerudi juu nikasoma tena. Kuko kitu sikuwaambia mwanzo, na sikuficha, ilikuwa imenitoka kabisa, njo inanishitua.

Alhamisi pale kwa famasi wakishanirudishia noti, nilikuwa nimesimama na mutoto mugongoni, sijui niende wapi. Nyuma yangu kulikuwa mama moja, kijana kuliko mimi, kitambaa ya kijani kwa kichwa, na kitunga cha lenga-lenga chini. Aliuliza "inapunguka ngapi?" Wakamuambia franga 12 000. Akafungua fundo kwa kikwembe, akahesabu noti ndogo ndogo, za 500, za 1 000, zingine zimelowana, akaweka juu ya meza. Nilianza kumuambia ngoja nikupe namba, nikageuka kupokea dawa, nikageuka tena, ameshaenda na kitunga chake. Ata yeye sijui alikuja kununua nini, ju hakununua kitu.

Na usiku ule niliandika "niko muzima".

Ule mama sikumuandika. Nilikuwa na haya ya noti yangu, na nilikuwa na hofu ya mutoto, na yeye akapita kati kati kama upepo. Ni motari njo amenirudishia sura yake, pale alisema ule mama alizunguka siku tatu.

Infirmie_wa_usiku
Mama usijihukumu. Mutu mwenye hofu haoni pembeni, macho yanakamata mutoto tu. Ni mwili ule ule niliosema.

Papa_Wokovu
Ni Roho alikukumbusha.

Etidia_wa_Saiko
Inawezekana pia ni ju ulikuwa unatafuta "vitu". Zoezi linasema vitu vitatu, mutu akiandika anatafuta vitu, hatafuti watu. Martin Seligman naye, profesa mwingine wa saikolojia, zoezi lake la 2005 la mambo matatu mazuri kila usiku, anaomba uandike pia kwa nini yametokea. Ile "kwa nini" mara mingi inakuleta kwa mutu.

Kijana_wa_Bagira
Franga 12 000 kwa muuzaji wa lenga-lenga, hiyo ni mutaji wa siku nzima, ata mbili. Sasa huyo njo nataka kushukuru, ata mimi mwenye sikuwepo. Lakini bado nauliza, kwa nini dawa ya malaria ya mutoto iko juu ya mabega ya mama wa lenga-lenga?

Tantine_Essence
Swali ni la kweli kaka, lishike, lakini ngoja kwanza. Mama, kitunga kilikuwa kimejaa ao kimekwisha?

Mama_wa_Nyamugo
Nusu. Na ilikuwa saa tano ya asubui.

Tantine_Essence
Basi ni wa kutembeza, hana meza. Kama saa tano uko bado na nusu, umeanza na alfajiri. Wengi wa namna ile wanachukua majani kwa jumla kwa soko ya Kadutu, pale wanashusha mizigo kutoka Walungu na Kabare, saa kumi na mbili, saa kumi na mbili na nusu. Kiisha wanapanda na kartie. Mama mukwe wangu aliuza pale miaka mingi, ninawajua wawili watatu wenye wanagawa majani. Nitauliza juu ya kitambaa ya kijani, lakini kitambaa mutu anabadilisha. Ana alama gani?

Mama_wa_Nyamugo
Ana mwanya hapa juu, na mukono wa kushoto kidole cha mwisho hakikunjiki, nilikiona pale alikuwa anahesabu.

Tantine_Essence
Hiyo inatosha, nitauliza.

Lushois_Katuba
Mimi niko mbali lakini nangoja habari. Mukimupata mumuambie natotela, na mikono.

motari_nyawera
Mama, Jumamosi nitakuwa chini ya ngazi zako saa kumi na moja na nusu ya alfajiri, nikupeleke soko ya Kadutu tumutafute. Mvua ikinyesha tungoje kidogo, tope ya pale naijua. Hautanilipa.

Kijana_wa_Bagira
Na mimi nakuja Jumamosi na jembe, kaka yangu pia. Mulango wa jikoni umefunguka?

Mama_wa_Nyamugo
Nusu tu, tunapitia dirishani. Karibuni sana.
Ile noti nilibadilisha leo, wamenipa dola 17. Za mama yule nimezifunga pembeni. Saa kumi na moja na nusu, nitakuwa chini.

Tantine_Essence
Nimepata mumoja mwenye anamjua mutu wa mwanya, lakini anasema ule wake anauza matembele. Mama una hakika ilikuwa lenga-lenga?

Mama_wa_Nyamugo
Ilikuwa lenga-lenga, ile ya majani mekundu kidogo.

Tantine_Essence
Sawa. Naendelea kuuliza.